Sheria Inapogusa Imani: Jina na Magoti

Masomo: Danieli 1:6-16, 3:16-18, 6:10, Matendo 5:29



Tazama karti yako ya uchaguzi. Pameandikwa post-nom. Neno hilo lilitoka katika sheria za mwaka 1972. Rais Mobutu aliacha jina la Joseph-Désiré, akaagiza Wazaire wote waache majina ya ubatizo ya kizungu. Padri aliyembatiza mtoto kwa jina la namna hiyo alitishwa kifungo cha miaka 5. Wazee wetu wakaandikwa majina ya mababu.

Je, kwa hiyo walimkana Yesu? Fungua Danieli 1. Vijana wanne wa Yuda walipewa majina ya Babeli. Danieli akaitwa Beltshaza. Biblia haisemi kwamba walipigania majina. Lakini chakula cha mfalme kilipoletwa, Danieli alikata shauri asijichafue. Sanamu iliposimamishwa, wenzake hawakuinama. Sala ilipokatazwa, Danieli alipiga magoti kama siku zote.

Mpaka ndio huo, wapendwa. Sheria ilipobadili namna watu walivyowaita, walivumilia. Ilipowaamuru watende dhambi au waache kumwomba Mungu, walikataa.

Mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika siku za mapumziko. Mkristo aliweza kwenda kazini mchana na kumwabudu Mwokozi jioni. Lakini wakubwa wa MPR walipomfananisha Mobutu na Masiya, hiyo ilikuwa sanamu ya Danieli 3. Hapo hakuna Mkristo wa kuitikia amina.

Leo mpaka huo unatupima sisi. Kijana anaingia usiku katika konsesio ya kampuni, akikamatwa anasema anateswa kama Petro. Hapana! Petro alikamatwa kwa ajili ya jina la Yesu, si kwa mfuko wa kobalti. Kodi ni nzito, sheria ya migodi inatuuma, na tuna haki ya kulalamika waziwazi mbele ya wakubwa. Lakini maumivu ya mfuko si mateso ya imani. Tena sheria inayokataza watoto kuchimba inakubaliana na Injili. Mzazi anayempeleka mtoto kuosha mawe siku ya masomo anavunja sheria na anamhuzunisha Mungu.

Lakini wewe karani, mkubwa wako akikuagiza uandike uzito wa uongo ili mchimbaji aibiwe, siku yako ya Danieli imefika. Kataa. Na ukatae kama Danieli: alimwomba msimamizi kwa heshima, akapendekeza ajaribiwe siku 10. Hakutukana, hakurusha jiwe. Wenzake walijua Mungu anaweza kuwaokoa. Wakasema hata asipowaokoa, hawatainama. Walikubali gharama.

Na gharama hiyo si ya mtu mmoja. Kanisa linalomwambia ndugu akatae uovu, lazima limsaidie unga na ada ya shule siku akifukuzwa kazi. Tukimpigia makofi Jumapili na kumwacha na njaa Jumatatu, tumemtupa sisi wenyewe katika tundu la simba.

Tuombe: Bwana, utupe hekima ya kuujua mpaka, adabu ya kukataa, na mkono wa kumbeba anayeumia kwa ajili yako. Katika jina la Yesu, amina.