Mabomu Yaliyobaki: Tuanze Kusafisha Wapi?

(Maneno tuliyowaambia vikundi vya kujisaidia vya Chaka)

Leo hatukuja na habari za mbuzi wa maziwa wala tangi la maji. Tumekuja na neno la mabomu.

Msiseme hayo ni mambo ya mbali. Chaka yetu iko kati ya Mlima Kenya na Aberdare, na tangu mwaka wa 1953 hadi 1955 ndege za Uingereza zilidondosha mabomu katika misitu hiyo miwili ili kuwapiga wapiganaji wa Mau Mau. Tena ukishika barabara ya Nanyuki unawafikia wenzetu wa Dol Dol na Archer's Post, ambako majeshi yamefanya mazoezi miaka mingi. Huko watoto wakichunga mifugo waliokota vyuma wakidhani ni vya kuchezea. Wengine walikufa, wengine wakapoteza mikono au macho. Mwaka wa 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 pauni milioni 4.5. Lakini tuseme ukweli: fidia hairudishi mkono, wala haisafishi malisho.

Kusafisha ni kazi ya wataalamu, nayo huenda polepole. Haiwezekani kila mahali pasafishwe siku moja. Basi pa nani patangulie? Tukinyamaza, patatangulia pa mwenye sauti kubwa. Sisi twasema hivi: tuhesabu miguu inayopita, si ekari.

Ulizeni maswali matatu juu ya kila mahali:

1. Nani hupita hapo, na mara ngapi?

2. Ni kitu gani kimeonekana hapo, au kimelipuka?

3. Je, kuna njia nyingine ya kupita?

Kijia cha watoto cha kwenda mtoni au shuleni kitangulie mbele ya uwanja mpana usio na watu. Kisha yafuate malisho na mahali pa kuokota kuni. Vichaka vya mbali viwe vya mwisho, lakini viwekwe alama na uzio. Kungoja zamu si kusahauliwa.

Majibu hayo hayako ofisini. Yako kwa wachunga ng'ombe, kwa mama wa kuni, na kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye huletewa kila kitu. Kikundi kiandike orodha, kiipeleke kwa chifu na polisi, na kibaki na nakala. Karatasi isiyo na nakala ikipotea, na neno lenu limepotea.

Na mpaka zamu ifike, jueni kwamba bomu lenye kutu huenda bado ni zima. Usiliguse, usilitupie jiwe, usilitie motoni, usilipeleke kwa skrepu. Rudi kwa njia ile ile uliyojia, weka alama kwa mbali, zuia watoto, kisha waite polisi.

Basi mkikutana tena, wekeni jambo hili mbele, kabla hamjahesabu michango.