Sungura na Nasaba Yake

Aghalabu mtu akiulizwa sungura ni mnyama wa jamii gani hujibu bila ya kusita kuwa ni wa jamii ya panya. Na jibu hilo, ijapokuwa si sahihi, halistahili kubezwa, kwa kuwa hata Carl Linnaeus, bingwa wa Uswidi ambaye kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho msingi wa majina ya kitaalamu ya wanyama hadi leo, alimpanga sungura katika fungu moja na panya, kindi, nungunungu, na hata kifaru. Alichokitazama zaidi bingwa huyo ni meno ya mbele, ambayo kwa sungura, sawa na kwa panya, ni marefu, makali, na hayakomi kuota maisha yote.

Lakini mwenye kulitwaa fuvu la sungura, akalipindua na kulichungulia taya la juu kwa ndani, ataona jambo asiloweza kuliona kwa panya yeyote duniani: nyuma ya yale meno mawili makubwa yamejificha mengine mawili madogo, mfano wa vigingi. Ataona pia kuwa mfupa wa ubavuni mwa pua umetobokatoboka matundu mengi. Na lau angemtazama mnyama aliye hai akila, angetambua kuwa taya lake husaga kwa kwenda upande huu na upande ule, ilhali la panya huguguna kwa kwenda mbele na nyuma. Kwa hoja za namna hiyo, mwaka 1912 mtaalamu wa Marekani, J. W. Gidley, alishikilia kuwa sungura, pamoja na pika, yule mnyama mdogo wa milimani Asia na Amerika ya Kaskazini, wastahili oda yao wenyewe, yaani fungu lao la peke yao, nayo ni Lagomorpha, mbali na Rodentia iliyo oda ya panya. Hukumu hiyo ingali inasimama, ingawa uchunguzi wa chembe za urithi umemrudishia Linnaeus sehemu ya heshima yake, kwa kudhihirisha kuwa oda hizo mbili ni ndugu, zilizoachana zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita.

Na hata ndani ya ukoo wenyewe wa sungura mna tofauti zisizo ndogo. Yule wa porini kwetu, mjanja wa hadithi za mabibi, ni wa jenasi ya Lepus: hachimbi shimo, hulala juu ya ardhi penye nyasi, na mtoto wake huzaliwa ana manyoya na macho yamefumbuka. Huyu wa bandani ni Oryctolagus cuniculus, mwenyeji wa Hispania na Ureno, ambaye huchukua mimba yapata siku 31, kisha hujinyonyoa manyoya ya kifuani akayatandika, na juu yake akazaa watoto uchi wasioona. Wa kwanza ana kromosomu 48, wa pili 44, wala hawazaliani. Uganda nako, katika nyika za Bunyoro, yuko wa tatu, Poelagus marjorita, ambaye wataalamu wamempa jenasi ya peke yake.

Ajabu iliyo kubwa kwangu, hata hivyo, ni tumbo la sungura. Sungura hula majani magumu, wala hacheui kama mbuzi. Badala yake majani hukaa na kuchacha katika mfuko mpana ulio mwanzoni mwa utumbo mkubwa, humo vijidudu vikayavunjavunja na kuzalisha vitamini za namna ya B. Kisha mnyama huinama akapokea kwa mdomo wake mwenyewe kinyesi laini, chenye utando unaong'aa, akakimeza bila ya kukitafuna, ili chakula kipite tumboni mara ya pili. Vile vidonge vikavu tunavyovifagia asubuhi ni kitu kingine: ni nyuzi ngumu zisizoyeyushwa, zilizopita bila ya kuingia katika mfuko ule. Wafugaji wengine, wakiliona jambo hili, hudhani mnyama ana maradhi au njaa, nao hujitahidi kumzuia. Kumbe wanamnyima riziki yake.

Meno nayo, kwa kuwa yale ya mbele ya juu huota kadiri ya milimita 2 kila wiki, hutaka kusagika kila siku, na kinachoyasaga ni nyasi. Sungura anayelishwa pumba na mabaki ya ugali pekee hurefukiwa meno hata yakapishana, akashindwa kufumba mdomo, akafa kwa njaa chakula kiko mbele yake.

Basi ewe mfugaji, mwekee nyasi kavu usiku na mchana, majani mabichi yanyauke kwanza kabla ya kumpa, pumba iwe ni nyongeza tu, na kila wiki mfunue midomo umtazame meno.