Simu haiponyeshi kansa, lakini inasindikiza mgonjwa



Nimeombwa nieleze ile kazi ya kufuata wagonjwa wa kansa kwa simu. Kule Nyarugusu, hospitali ya kambi ilikuwa karibu. Hapa Baraka, mgonjwa akitoka kwenye matibabu Bukavu anarudi na karatasi tu. Hakuna wa kumuuliza: umekula? umetembea? Ndiyo sababu tunapiga simu, mara moja kwa juma.

Nianze na kosa langu. Kuna mama mmoja wa kansa ya titi. Kila nikimuuliza, anajibu: "Ndiyo, ndiyo, niko muzuri." Mimi naandika: anaendelea vizuri. Siku nilipofika kwake, nikakuta amekonda sana. Kumbe simu ilikuwa ya shemeji yake, naye alikuwa anakaa pale anasikiliza. Mama alishindwa kusema kwamba jirani alimwambia samaki na maharagwe vinalisha kansa, akaacha vyote.

Tangu hapo tunauliza kwanza: uko peke yako? Saa gani inakufaa? Halafu tunatafuta pamoja kilichoko nyumbani. Maharagwe, ndagala, mayai, lengalenga: hivyo vinarudisha nguvu. Kwa kutembea, wataalamu wanashauri dakika 150 kwa juma. Sisi tunaanza na dakika 10, mpaka kwa jirani na kurudi. Sigara na lutuku tunasema wazi: acha. Akishindwa, juma lijalo tunauliza tena, bila kumgombeza.

Lakini simu ina mpaka wake. Mgonjwa aliye kwenye dawa kali za kansa akipata homa ya digrii 38, asingoje sisi. Aende hospitali mara moja.

Yule mama sasa yuko na simu yake, ndogo ya vitufe. Anatembea mpaka ziwani, na akifika ananibipu.

Ombi langu ni hili: katika mchango wa kila mwezi, tutenge kidogo kwa simu kama hizo, initi na kuchaji. Wafadhili, msitafute simu za bei kubwa. Hizo zinamaliza moto haraka, na kuchaji huku ni kwa pesa. Mgonjwa apate simu ambayo ni yake mwenyewe, aseme ukweli wake.