Nani Kasema Mnyakyusa Hadai? Mhadhara wa Umma kuhusu Fidia ya Majeruhi wa Barabarani Wilayani Rungwe



Wanasheria mliopo mtaniwia radhi, maana nitaruka mengi. Wajibu wa uangalifu, uzembe, mwenye gari kubeba kosa la dereva wake, lawama kugawanywa pale aliyegongwa naye alipokosea: hayo mlishayafanyia mtihani mkafaulu. Mimi leo nina ugomvi na kauli moja.

Kauli yenyewe ni kwamba majeruhi wa huku kwetu hawafungui kesi za fidia kwa sababu utamaduni wao ni wa kusameheana, na mahakama ni jambo la kuletewa. Nimeisikia kwenye makongamano. Nimeisikia kwa watu wa bima, na hao sishangai. Kinachoniudhi ni kuisikia kwa mawakili.

Nani kasema Mnyakyusa hadai? Wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi na kufanya utafiti katika nchi hii ya Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938. Mwaka 1937 Godfrey alichapisha katika jarida la Africa makala ya utangulizi wa sheria ya Wanyakyusa. Nakala yangu imechakaa kwa kufunuliwa, na wanafunzi wangu wamechoka kuisikia ikitajwa. Wavumilie tena. Pale unaona mgogoro ukianzia kwa jirani mwenye busara, ukishindikana unapelekwa kwa mkubwa wa kijiji, ukigoma kabisa unafika kwa malafyale, yaani chifu. Unaona pia kwamba mtu aliyefumaniwa hakuagwa kwa pole tu: alitoa ng'ombe. Upatanisho ulikuwepo, tena ulipendwa, lakini ulikuwa na bei, na bei ilijulikana kabla watu hawajapeana mikono.

Najua pingamizi. Wilson aliandika wakati Waingereza walishaweka mabaraza yao ya wenyeji, kwa hiyo huenda alichokiona kilikuwa tayari kimechanganyika. Sawa. Hata tukikubali hivyo, mchanganyiko huo una umri wa kutosha kuitwa wa kwetu. Na tusisahau kwamba hiyo mahakama inayosemwa kuwa ya ugomvi, katika mashauri ya madai, huanza kwa kuwapeleka wadaawa kwenye usuluhishi. Wanaotenganisha kesi na suluhu wanazungumzia mahakama ambayo haipo Tanzania.

Basi tutazame huo unaoitwa msamaha. Mama yangu mdogo alikuwa akiuza ndizi kando ya barabara kule Kiwira. Lori lililokuwa likishuka kuelekea Kasumulu lilimkosa yeye likakipata kibanda, nacho kibanda kikamvunja mguu. Kabla plasta haijakauka, tajiri wa lori alikuwa ameshafika nyumbani na sukari, mchele, bahasha na karatasi iliyochapwa tayari. Wazee wakaitwa. Mama mdogo akaweka dole gumba. Kesi ya trafiki ilipotajwa hakwenda kutoa ushahidi, kwa sababu aliambiwa yameshaisha. Dereva akaachiwa huru. Mguu haukupona vizuri, na bahasha iliisha kabla ya magongo kuachwa.

Hapo palikuwa na msamaha gani? Palikuwa na mtu mmoja anayejua sheria na mwingine asiyeijua. Tajiri alijua, au alishauriwa na aliyejua, kwamba Sheria ya Ushahidi ina kifungu ambacho wengi wetu tulikisoma kama 43A. Kinasema hukumu ya mwisho ya kesi ya jinai, muda wa rufani ukishapita, ni ushahidi kamilifu kwamba mshtakiwa ana hatia au hana. Mara nyingi tunakisoma nusu. Dereva akitiwa hatiani kwa kuendesha kwa uzembe, aliyeumia anaingia kwenye kesi ya madai akiwa na nusu ya kazi imefanywa. Lakini dereva akiachiwa kwa kuwa shahidi mkuu alikuwa nyumbani anakula mchele wa tajiri, kifungu hichohicho kinamgeukia shahidi. Unaweza kubishana kwamba uzembe wa madai ni mpana kuliko kosa la jinai, na mimi hubishana hivyo. Ni mlima mkali bila sababu.

Mengine nitayapitia haraka. Madai ya namna hii yana miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo, na Serikali ikiwa ndiyo mdaiwa, notisi ya siku 90 inatangulia. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye gari au bodaboda kuwa walau na bima ndogo. Watu huidharau bima ndogo, ilhali hiyo ndiyo iliyowekwa kwa ajili ya aliyegongwa: kampuni inalazimika kulipa hukumu aliyoshindwa mteja wake, mradi iliarifiwa kuhusu shauri. Kwa hiyo nakilini namba ya usajili kabla gari halijaondolewa. Fomu ya polisi ya PF3, ramani ya ajali na risiti za matibabu zitunzwe, kwani fidia mahususi hutajwa moja moja na kuthibitishwa kikamilifu. Ile ya maumivu hakimu huikadiria mwenyewe. Mchuma chai aliyeumia kazini ana njia nyingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambako hahitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Muuza ndizi hana mwajiri, na mfuko huo haumhusu.

Sasa nije kwenye lile ambalo wenzangu hunitania nalo. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwa namba tuliyoizoea, kinamruhusu hakimu aliyemtia mtu hatiani kuamuru papo hapo amlipe fidia aliyeumia. Naambiwa dereva hana kitu, kampuni ya bima haikuwa mdaawa katika kesi ya jinai, na hakimu wa trafiki hana ripoti ya daktari ya kutosha kukadiria ulemavu. Hoja zote tatu ni za kweli. Ya pili imeninyima usingizi. Lakini bado nasimama palepale: kwa mwanamke ambaye nauli ya kwenda Mbeya kumwona wakili ni faida ya mikungu kadhaa, amri ndogo iliyotolewa hapahapa Tukuyu ina thamani kuliko hukumu kubwa isiyoombwa kamwe. Na tangu marekebisho ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ataisikia ikisomwa na kuielewa.

Kwenu wazee mnaoitwa kushuhudia makubaliano: msiweke sahihi kabla daktari hajasema mguu umefikia wapi. Na kwenu waheshimiwa mahakimu wa Rungwe, ombi langu ni dogo. Kila mnapomtia dereva hatiani na kuna aliyeumia, muulizeni kama anadai fidia, na mnapoikataa, andikeni sababu katika kumbukumbu.