Tazama Nepi Kabla ya Kuifua
(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



 Miaka kumi si mchezo. Tulianza wanawake 15 chini ya mwembe, wauza machungwa, wauza vitumbua na wakulima wa muhogo. Wengi wetu tumeishia darasa la saba. Leo tuko 30. Hesabu za hisa na mikopo Mweka Hazina ameshazisoma, hatutazirudia.

Sisi tumepewa kusema neno moja tu. Wengine mlidhani tutasema juu ya marejesho ya mikopo. La. Tutasema juu ya choo cha mtoto mchanga.

Mnacheka. Chekeni tu, jamani, hata sisi tulicheka zamani. Lakini ule Mfuko wa Watoto mliousikia kwenye hesabu ulitokana na nepi, na kabla ya nepi ulitokana na kaburi.

Ilikuwa mwaka wetu wa kwanza. Mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto wa miezi minane, mnene, mcheshi. Mtoto akaanza kuharisha maji matupu. Majirani wakasema amebemendwa. Nyote mnajua neno hilo linavyochoma. Ni kumwambia mama kwamba yeye na mumewe hawakuvumilia, ndiyo maana mtoto anaugua. Basi mwenzetu akaona aibu, akafunga mlango. Siku ya pili wakaja wengine na lao, eti ni meno ya plastiki, apelekwe akang'olewe. Siku ya tatu ilikuwa siku ya kikao. Alimtuma binti wa jirani alete hisa yake, yeye mwenyewe hakuja. Hatukuuliza kwa nini. Tulimwandika hayupo, tukamtoza faini ya shilingi 500.

Usiku ule mtoto akafariki.

Sanduku letu lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Wote watatu walikuwa wanakaa karibu na nyumba yake. Fedha za kukodi pikipiki zilikuwemo ndani. Faini ile tulimrudishia baada ya matanga, lakini haikusaidia kitu. Akina mama, hilo ni deni ambalo kikundi hiki hakijamaliza kulilipa.

Baada ya msiba tulimwita muuguzi kwenye kikao, tukamwambia atufundishe bila kutuonea haya. Alianza kwa kutuambia kwamba kuhara hakuletwi na kubemenda. Kunaletwa na vijidudu vinavyoingia mdomoni kwa maji, chakula na mikono michafu. Meno ya plastiki nayo hayapo. Yale yanayong'olewa ni meno ya kweli ambayo hayajaota, na mtoto anaweza kufa kwa kutoka damu au kwa kuingiwa na uchafu kwenye kidonda. Kinachomuua mtoto anayeharisha ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Kisha akasema, "Mtoto hana mdomo wa kusema, lakini ana nepi." Toka siku ile tukajifunza kusoma nepi. Tunawapa na ninyi.

Choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi, kinanata kama lami. Hicho ni cha kawaida. Watoto wengi hukipata siku ya kwanza. Siku mbili zikipita bila choo, rudi hospitali, usisubiri. Kuanzia siku ya tatu kinageuka kijanikijani, na ikifika siku ya tano kinakuwa cha njano kama binzari, laini, pengine na chembechembe kama ufuta. Hapo ujue maziwa yanaingia. Siku ya tano ikifika na choo bado ni cheusi, huenda mtoto hanyonyi vya kutosha, mpeleke aonwe.

Mtoto anayenyonya anaweza kupata choo kila anaponyonya, na si kuhara. Akivuka wiki sita anaweza kukaa siku kadhaa asipate choo, na si kufunga choo, ikiwa kinatoka laini, tumbo halijavimba na ananyonya vizuri. Wa maziwa ya kopo choo chake ni kizito zaidi na kina harufu kali. Choo cha kijani peke yake kisikutishe, kama mtoto anacheza na anaongezeka kilo. Wengi wetu tuliwahi kuwanywesha watoto dawa za miti kwa sababu ya kijani tu!

Sasa rangi za kukimbia nazo ni tatu. Nyekundu: damu kwenye choo huenda ni kuhara damu, na dawa yake hutolewa na mganga, hainunuliwi kwa kubahatisha dukani. Na ikiwa mtoto analia kwa vipindi huku akikunja miguu, anatapika, na choo kina damu na utelezi, huenda utumbo umejiingiza ndani ya utumbo. Hilo ni la hospitali saa hiyo hiyo. Nyeusi: ikirudi baada ya zile siku za mwanzo, inaweza kuwa damu ya tumboni. Labda chuchu zako zimechanika na mtoto amemeza damu yako, au anapewa dawa ya madini ya chuma, lakini acha mganga aseme. Ya tatu ni nyeupe, na juu ya nyeupe tuna kisa.

Mwaka wetu wa sita, mkwe wa mwanachama mmoja alikuwa anafua bombani, mtoto wake ana wiki tano. Mwenzetu akaona nepi: choo cheupe kama ugali wa muhogo. Akamwuliza, "Mama, hii tangu lini?" Akajibu, "Wiki mbili sasa, bibi amesema ni maziwa mengi." Macho ya mtoto yalikuwa ya njano, na wao walikuwa wanamwanika jua la asubuhi. Mkojo nao umekoza rangi.

Jioni ile ile mfuko ulifunguliwa. Hatukungoja kikao. Alfajiri wakaenda Tanga, na huko wakaelekezwa Dar es Salaam. Madaktari wakakuta njia ya nyongo imeziba. Nyongo ndiyo inayotia choo rangi, ndiyo maana kilikuwa cheupe. Alipasuliwa akiwa na wiki nane. Tulielezwa kwamba upasuaji huo hufaa zaidi ukifanyika kabla ya miezi miwili, kwani baadaye ini linakuwa limeshaharibika. Leo mtoto yule ana miaka minne. Hatusemi amepona kabisa, bado anahudhuria kliniki. Lakini yuko, na pale mbele ndiye anayetupigia kelele! Kwa hiyo kumbukeni: njano ya macho ikipita siku 14, au choo kikiwa cheupe au cha kijivu, usianike mtoto juani. Nenda.

Tukirudi kwenye kuhara: ni choo cha maji kuliko kawaida yake, mara tatu au zaidi kwa siku. Mnyonyeshe zaidi, usimwachishe. Koroga pakti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi. Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, polepole. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee. Yaliyobaki baada ya siku moja mwaga. Na vidonge vya zinki: chini ya miezi sita nusu kidonge cha miligramu 20, zaidi ya hapo kidonge kizima, kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Ila ukiona macho yameingia ndani, utosi umebonyea, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, analegea au hawezi kunywa, huyo si wa nyumbani tena. Na mchanga wa chini ya miezi miwili anayeharisha, mpeleke tu, usipime mwenyewe.

Chanjo ya rota, iliyoanza kutolewa nchini kwetu mwaka 2013, inazuia aina moja kali ya kuhara. Inaanza wiki ya sita, msiichelewe. Na tuache ule usemi kwamba choo cha mtoto mchanga si uchafu. Kina vijidudu kama cha mkubwa. Kitupeni chooni, mkanawe kwa sabuni.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi chetu kina sheria tatu zilizotokana na hayo. Kwanza, Mfuko wa Watoto hauko kwenye sanduku la kufuli tatu. Unashikwa na mtu mmoja, unatolewa usiku au mchana, karatasi zinaandikwa kesho yake. Pili, mwanachama mwenye mtoto mdogo asipofika kikaoni, hatozwi faini. Wawili wanakwenda kwake kabla kikao hakijafungwa. Tatu, neno kubemendwa halitamkwi kwenye kikao hiki. Anayelitamka ndiye anayetozwa.

Ombi letu kwako ni dogo: utusaidie kufuatilia ili ORS na zinki zisikosekane zahanati. Na kwenu akina baba: mkibadilisha nepi hamtapungukiwa kitu, na macho manne yanaona kuliko mawili.

Yule mwenzetu wa mwaka wa kwanza yupo hapa leo. Ametukubalia tuyaseme haya, na ndiye mshika Mfuko wa Watoto tangu siku ulipoanza. Mlango wake haufungwi.

Kidumu kikundi chetu!