MALI BILA DAFTARI: KOMPYUTA, WENYE MADUKA NA POLISI DHIDI YA UDOKOZI

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)





Wazee wamesema kwamba mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Kauli hiyo huchukuliwa kuwa ni nasaha kwa mfanyabiashara, aandike anachouza na anachokopesha. Lakini ndani yake mna funzo la pili, nalo ni kwamba hata wizi unahitaji daftari lake. Mwenye duka akiibiwa leo akanyamaza, na jirani yake akiibiwa kesho naye akanyamaza, polisi hawatakuwa na habari, wala wenye maduka wenyewe hawatakuwa na habari. Mwenye hesabu kamili atakuwa ni mwizi peke yake.

Mazungumzo haya yanahusu daftari la namna hiyo, ambalo katika baadhi ya nchi limeingizwa ndani ya kompyuta, na linaandikwa na wenye maduka na kusomwa na polisi. Mfano utakaoelezwa zaidi ni wa New Zealand, nchi ya visiwa, ambako kampuni ya Auror ilianzishwa mwaka 2012 katika mji wa Auckland kwa ajili ya kazi hiyo.

UKUBWA WA TATIZO

Udokozi wa madukani umezoeleka kudharauliwa, ukahesabiwa kuwa ni wa mtoto aliyetia peremende mfukoni. Hali ya miaka ya karibuni ni nyengine. Huko Uingereza na Wales, takwimu rasmi zilionesha kuwa katika mwaka 2024 polisi walipokea taarifa 516,971 za wizi wa madukani. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa idadi hiyo kuvuka nusu milioni.

Hata hivyo, idadi hiyo ni sehemu ndogo tu. Umoja wa wenye maduka wa nchi hiyo, katika ripoti yake ya mwaka 2023/24, ulikadiria matukio milioni 20.4 ya wizi, na hasara ya pauni bilioni 2.2. Ukiweka hesabu hizo mbili pamoja, inadhihirika kwamba sehemu kubwa kabisa ya wizi haikufikishwa polisi. Ripoti hiyo hiyo ilieleza kuwa wafanyakazi wa madukani walikabiliwa na zaidi ya matukio 2,000 ya kupigwa, kutishwa na kutukanwa kwa kila siku moja. Kwa hivyo linalopotea si bidhaa tu. Msichana aliyeajiriwa kupokea fedha hana hakika kama atarudi nyumbani salama.

Sababu za kutoripoti zinafahamika. Kuripoti kwa njia ya zamani kulichukua muda mrefu: kupiga simu, kusubiri askari, kuandika maelezo kwa mkono, kunakili picha za kamera na kuzipeleka kituoni. Muuzaji aliyepotelewa na bidhaa za thamani ndogo aliona kuwa taabu ni kubwa kuliko hasara, akaacha.

PROGRAMU INAVYOFANYA KAZI

Katika mfumo kama huo wa New Zealand, mfanyakazi wa duka aliyeruhusiwa hufungua fomu ndani ya kompyuta au simu. Huandika siku na saa, bidhaa zilizochukuliwa na thamani yake, wajihi wa mtu, namba ya gari aliyoondokea, na iwapo alitoa vitisho au alikuwa na silaha. Huambatisha picha za kamera za ulinzi. Taarifa hiyo huwafikia polisi ikiwa imekamilika, bila ya askari kulazimika kwenda dukani kuanza upya kuuliza masuali.

Faida kubwa zaidi inatokana na kuunganisha matukio. Chukueni mfano wa mtu aliyeiba maziwa ya unga ya watoto katika duka moja. Tukio hilo peke yake ni dogo, na mpelelezi mwenye majalada mengi ataliweka chini ya majalada mengine. Lakini ikiwa gari ile ile imeonekana katika maduka kumi na tano ya miji mitatu ndani ya mwezi mmoja, na kila mara maziwa ndiyo yaliyochukuliwa, hapo hapana tena udokozi wa njaa. Hiyo ni biashara, na mna mtu anayenunua mali hiyo ili aiuze. Kampuni ya Auror yenyewe hueleza kuwa asilimia 10 ya wahalifu ndio wanaofanya hadi asilimia 60 ya uhalifu wa madukani. Yanapokusanywa matukio yote katika jalada moja, polisi hujua waanzie wapi, na hakimu naye huona ukubwa wa jambo lenyewe.

Aidha, baadhi ya maegesho ya maduka na vituo vya petroli vina kamera zinazosoma namba za magari. Gari iliyotajwa katika tukio la vurugu ikirudi, wafanyakazi hupewa hadhari mapema. Maelekezo mema katika hali hiyo ni kujiweka mbali na hatari na kuwaita polisi. Mfanyakazi hakuajiriwa kupigana, na bidhaa haziwi na thamani ya roho ya mtu.

HADHARI

Ndugu Wananchi,

Daftari lenye nguvu kiasi hicho ni amana, na amana inaweza kufanyiwa khiana. Mifano miwili ya New Zealand inatosha kuwa funzo.

Wa kwanza ni wa mwezi wa Oktoba 2021, wakati wa vizuizi vya maradhi ya UVIKO-19. Polisi walikuwa wakiwatafuta wanawake waliosafiri kwenda jimbo la kaskazini. Ili kamera za kusoma namba za magari ziwaoneshe gari yao ilipo, iliingizwa taarifa kwamba gari hiyo imeibwa, na hali haikuibwa. Jambo hilo lilijulikana hadharani mwaka 2022. Chombo kilichowekwa kwa ajili ya wezi kilitumika kwa kazi nyengine, na kwa kauli isiyokuwa ya kweli. Funzo lake ni kwamba kila anayefungua mfumo lazima jina lake, saa yake na sababu yake vibaki vimeandikwa, na awepo msimamizi wa kuvikagua.

Wa pili ni wa mwaka 2024, nao unahusu teknolojia nyengine iliyo karibu na hii, yaani kutambua nyuso za watu. Maduka makubwa 25 ya chakula katika Kisiwa cha Kaskazini yalifanya majaribio ya kuifananisha sura ya kila anayeingia na orodha ya watu waliowahi kufanya fujo au uhalifu dukani. Mwezi wa Aprili mwaka huo, mwanamke mmoja katika mji wa Rotorua alidhaniwa kuwa ni mtu mwengine aliyepigwa marufuku. Alikuwa tayari kuonesha vitambulisho vyake, lakini aliamriwa atoke. Mama huyo hakuwa ameiba kitu. Alitahayarishwa mbele ya watu siku ya kuzaliwa kwake.

Kamishna wa Faragha wa nchi hiyo, Bwana Michael Webster, aliyachunguza majaribio hayo, na mwezi wa Juni 2025 alitoa ripoti. Alieleza kuwa yalitimiza masharti ya sheria kwa sababu ya kinga zilizowekwa: sura isiyofanana na ya orodha ilifutwa mara moja, watoto na watu dhaifu hawakuingizwa katika orodha, na wafanyakazi wawili walitakiwa wahakikishe kabla ya hatua yoyote kuchukuliwa. Tathmini ilionesha kuwa matukio makubwa ya madhara yalipungua kwa asilimia 16. Pamoja na hayo, kosa la Rotorua lilitokea. Kompyuta ilitoa dhana, na binaadamu waliotakiwa kuipima dhana hiyo hawakuipima vya kutosha.

MAZINGATIO KWA WANANCHI

Mafunzo hayo hayangojei kompyuta. Yanafaa hata kwa mwenye duka la mtaani mwenye daftari la karatasi na simu ya mkononi.

Kwanza, wizi uripotiwe, hata ukiwa mdogo. Mlalamikaji aende kituo cha polisi na ahakikishe amepewa namba ya RB. Bila ya namba hiyo, tukio linabaki kuwa ni hadithi ya barazani.

Pili, yaandikwe yaliyoonekana, yasiandikwe yaliyodhaniwa. "Kijana wa shati jekundu alitoka na redio saa nane mchana" ni ushahidi. "Ni wale watoto wa mtaa fulani" ni dhana, na dhana humuumiza asiyekuwa na hatia.

Tatu, picha ya anayetuhumiwa ipelekwe polisi, isisambazwe katika makundi ya simu. Picha ikishatoka hairudi, na mtu akishapigiwa ukelele wa mwizi njiani huenda asifike mbele ya hakimu akiwa hai. Haki ya faragha na ya usalama wa mtu imewekwa katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azikusanye kwa sababu halali na azihifadhi kwa uangalifu.

Nne, watumishi wa Serikali wanaokabidhiwa majalada na mifumo ya taarifa wakumbuke kwamba ruhusa ya kufungua jalada imetolewa kwa kazi maalumu. Kulifungua kwa ajili ya jirani, jamaa au hasimu ni khiana, ijapokuwa hapana aliyeona.

Siku za mwizi ni arubaini, lakini siku hizo hazijihesabu zenyewe. Huhesabiwa na mwenye duka anayeandika, na askari anayesoma, na msimamizi anayehakikisha kuwa aliyekamatwa ndiye aliyeiba. Akikosekana mmoja kati ya hao watatu, ama mwizi ataendelea na kazi yake, ama mtu mwema atabebeshwa mzigo usiokuwa wake.