Okidi Inapoamka: Maji Hufuata Mizizi



Miongoni mwa maua yanayomea Kenya ni okidi ya chui, ambayo wataalamu huiita Ansellia africana. Hukaa juu ya matawi ya miti, na maua yake ni ya manjano yenye madoa ya kahawia. Haifyonzi utomvu wa mti. Mti ni makao yake tu.

Wakati wa kiangazi mmea huu hupumzika. Mashina yake manene huweka akiba ya maji na chakula, kama ghala la mkulima. Mvua zinapokaribia, chipukizi hutokeza kando ya shina la zamani, na hapo ndipo watunzaji wengi wanapoupoteza. Mtu huona chipukizi, akadhani mmea una kiu, akamwaga maji kila siku. Kumbe chipukizi hilo halijapata mizizi; lalishwa na akiba ya shina la zamani. Maji yasiyonywewa hutuama chunguni na ndani ya majani machanga, nako kuoza huanza. Maji yamezidi unga.

Yafaa kungoja. Mizizi mipya ikianza kuonekana, mtunzaji na anyunyize maji kidogo asubuhi, pembeni mwa chungu, yasiingie katika chipukizi, ili pawe pamekauka kabla ya usiku. Mizizi ikifikia sentimita 5 hadi 8, na amwagilie hata maji yatoke chini, kisha auache mmea. Mizizi yenyewe humpa habari: ikilowa hugeuka kijani, ikikauka hurudia weupe. Na angojee weupe huo kabla ya kumwagilia tena. Shina la zamani likikunjamana kidogo, si jambo la hofu. Mizizi ikinywa, mara nyingi hujaa tena.

Subira hii ina sababu kubwa. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, na porini haikui bila msaada wa kuvu. Hupita miaka kabla ya ua la kwanza. Biashara ya okidi baina ya nchi na nchi husimamiwa na Mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, kwa kuwa mimea hii imeng'olewa mno misituni. Basi aliyeozesha okidi yake chunguni asidhani kwamba msitu utamlipa nyingine.